Mbuyu wa zahanati: paneli nane na kivuli ambacho hakikupimwa

Mstari wa kwanza wa makadirio niliyoletewa ulikuwa paneli 8 za wati 400. Wa pili inveta, wa tatu betri. Mstari wa saba, uliobanwa kati ya nati za kufungia reli na nauli ya gari, uliandikwa hivi: "Kuondoa mti mmoja (mbuyu), sh. 950,000."

Zahanati yenyewe iko Kigamboni, Dar es Salaam, upande wa baharini, mwendo wa bajaji kutoka pantoni. Ina chumba cha kujifungulia, maabara ndogo na friji ya chanjo. Umeme wa gridi upo, lakini ukikatika usiku mkunga anamulikiwa na tochi ya simu iliyoshikwa na ndugu wa mzazi. Mfadhili alikubali kulipia sola. Fundi wa kwanza alipima paa, akaandika makadirio, kisha akapata kazi mkoani. Nikaitwa mimi nimalizie.

Naandika kisa hiki kwa undani kwa sababu mazungumzo ya sola na uhai wa viumbe hapa kwetu huwa yanakwenda mbali mno. Mtu hufikiria majangwa ya Marekani au mbuga zenye tembo. Katika kazi yangu mjini, sola inapokutana na viumbe hukutana nao kwenye mti mmoja uliosimama karibu na paa. Na mti huo kwa kawaida hukatwa siku ya kwanza, kabla paneli hazijashushwa kwenye gari.

Hakuna mtaalamu wa mazingira anayetumwa kukagua paneli nane za zahanati. Anayeamua ni fundi na kamati yake. Kwa hiyo lawama au heshima ya jambo hili ni ya kwetu sisi mafundi.

Mbuyu wenyewe

Umesimama magharibi mwa jengo. Kutoka shina hadi ukuta wa karibu ni mita 15. Urefu wake niliukadiria mita 16, kwa kulinganisha kivuli chake na kivuli cha fimbo ya mita moja. Upande wa kusini shina lina pango. Mlinzi wa zahanati, mzee anayefanya kazi pale tangu jengo lilipofunguliwa, alinionyesha pango hilo jioni ya kwanza. Nilimwamkia shikamoo, akaitika, akanivuta mkono tukakae kwenye kiti chake cha mbao. "Tulia, fundi," akasema, "utawaona wenyewe."

Jua lilipozama walianza kuonekana. Kwanza teleka, wale ndege weusi wadogo wanaofanana na mbayuwayu, wakizunguka na kuingia pangoni mmoja mmoja kwenda kulala. Kisha bundi mweupe, bila mlio wowote, akapita juu ya vichwa vyetu kuelekea kwenye mashamba ya mihogo. Ilikuwa Oktoba, maua hayajaja. Mzee akaniambia yakianza kufunguka, mvua za vuli zikikaribia, popo wa matunda hujaa usiku kucha.

Hilo la popo ni kweli na lina uzito. Ua la mbuyu hufunguka jioni, likining'inia kwa kikonyo kirefu, na kesho yake limeshaanza kunyauka. Ukanda huu wa Afrika Mashariki wachavushaji wake wakubwa ni popo wa matunda. Wanakuja kunywa utamu wa ua, wanaondoka na unga kifuani, wanaupeleka kwenye mbuyu mwingine kilomita kadhaa mbele. Ule ubuyu wenye sukari na rangi nyekundu ambao watoto wananunua nje ya geti la shule umepitia kwa popo.

Jiji hili lilikuwa na watu zaidi ya milioni 5.3 kwa sensa ya 2022. Misitu ya asili iliyobaki kando yake ni vipande: Pugu na Kazimzumbwi upande wa Kisarawe, Pande upande wa kaskazini-magharibi. Humo bado anaishi komba mdogo wa Rondo, mnyama asiyepatikana popote duniani nje ya misitu ya pwani ya Tanzania. Komba yule hatafika Kigamboni. Lakini popo na ndege wanaruka, na kwao miti mikubwa ya mitaani ndiyo vituo vya njiani kati ya kipande na kipande. Ukiitoa, kinachobaki angani ni kunguru weusi wa Kihindi, walioletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19, ambao hawahitaji pango wala mbuyu. Wanajenga hata kwenye nguzo ya umeme, na wanakula mayai na makinda ya ndege wengine.

Kupima kivuli

Dar es Salaam iko karibu nyuzi 6.8 kusini mwa ikweta. Maana yake jua la mchana halikai upande mmoja mwaka mzima. Juni linaegemea kaskazini, Desemba linaegemea kusini, na mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na tena karibu tarehe 10 Oktoba, linapita utosini hasa. Kwa mti uliosimama magharibi kamili, Machi na Oktoba ndiyo miezi mibaya kuliko yote, kwani jua linashuka moja kwa moja nyuma yake na kivuli kinakuja moja kwa moja kwenye jengo. Juni jua la alasiri liko kaskazini-magharibi, kivuli kinatupwa kusini-mashariki na sehemu kubwa ya paa inapona. Kwa hiyo nilikuwa na bahati ya msimu: nikipima Oktoba, napima hali ngumu kabisa.

Nilikata vigingi 20 na kununua kamba. Kuanzia saa 8 mchana, kila nusu saa, niligonga kigingi mahali ncha ya kivuli ilipofika, na nikamtuma kijana wangu juu ya paa aweke alama ya chaki. Tulifanya hivyo siku tatu. Mbuyu ulikuwa bado haujarudisha majani, maana kiangazi huyapukutisha, kwa hiyo nilifuata ncha za matawi ya nje na kuhesabu kana kwamba kila nafasi kati yake imejaa majani.

Mahali fundi wa kwanza alipochora paneli, mwisho wa magharibi wa paa, kivuli kilifika saa 9:30 alasiri. Hapo jua linakuwa limeshuka hadi nyuzi kama 40. Hesabu ya jua la utosini katika siku isiyo na mawingu inaonyesha kwamba nishati inayobaki baada ya hapo ni karibu asilimia 12 ya siku nzima. Si zaidi.

Mwisho wa mashariki wa paa hilohilo, mita 20 mbele, kivuli kilifika dakika chache kabla ya saa 11. Kinachobaki hapo ni chini ya asilimia 3.

Sasa linganisha na mahitaji. Nilikaa na mganga mfawidhi tukahesabu kwa siku: friji ya chanjo yuniti 1.5, taa za ndani 1.2, mashine ya oksijeni kwa saa sita 2.1, vifaa vya maabara 0.6, kompyuta na printa 0.9, feni 1.0. Jumla yuniti 7.3. Paneli nane ni kilowati 3.2. Kwa jua la Dar, ambalo kwa wastani ni sawa na saa tano za jua kali kwa siku, na ukitoa robo kwa joto, vumbi, nyaya na betri, unapata yuniti 12. Ondoa asilimia 12 yote ya kivuli kibaya kabisa, umebaki na 10 na nusu.

Yaani mbuyu ungeachwa, paneli zikawekwa palepale zilipochorwa, na zahanati bado ingekuwa na umeme wa kutosha na ziada. Mti uliandikiwa kukatwa bila mtu yeyote kufanya hesabu hii ya nusu ukurasa.

Nilitaka kujua kwa nini paneli zilipangwa magharibi. Jibu lilikuwa stoo. Betri na inveta zilipangiwa stoo iliyoko mwisho wa magharibi, na paneli zikikaa juu yake waya unakuwa mfupi. Kuzipeleka mashariki kunadai mita 20 zaidi za waya, tena mnene, ili umeme usipotee njiani.

Sikuziacha magharibi hata hivyo, kwa sababu za kifundi. Paneli zikiungwa kwa mfululizo, moja ikipata kivuli inazibana nyingine. Zina daiodi za kupunguza tatizo hilo, ila si za kuliondoa. Halafu mabuyu ni magumu, yakidondokea kioo usiku wa upepo yanakipasua. Mashariki ndiko kulikofaa.

Bundi

Kamati ilikaa chini ya mbuyu wenyewe. Nilieleza vigingi na hesabu, nikadhani kazi imekwisha. Mwenyekiti wa mtaa akanisikiliza hadi mwisho, akasema kwa upole: "Mwanangu, hesabu zako tumezielewa. Lakini yule ndege?"

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kivuli kilikuwa nusu tu ya habari. Bundi akilia karibu na nyumba ya wagonjwa, watu wanajua kuna msiba unakuja. Mwaka uliotangulia mama mmoja alifariki pale akijifungua, na usiku huo bundi alilia. Kuna familia ambazo tangu siku hiyo hupita zahanati hii na kwenda mbali zaidi. Sola ilipokuja na mstari wake wa saba, wengi waliona hatimaye pango lile linaondoka bila mtu kulazimika kusema kwa nini. Na upande wa pili wa benchi walikaa wazee ambao hawakutaka mbuyu uguswe kabisa, kwa sababu ya wenyewe wasioonekana wanaokaa humo. Nao walinyamaza kwa sababu hiyohiyo: hakuna aliyetaka kulitamka jambo lake mbele ya mgeni mwenye daftari.

Sikubishana na imani ya mtu. Kifo cha yule mama si jambo la kufundishiwa na fundi umeme. Nilisema ninachokijua. Dari la zahanati lina panya. Nilipopanda kukagua kenchi nilikuta nyaya za taa zimetafunwa sehemu nne, na waya wa sola ukitafunwa unaweza kuwasha moto darini. Bundi wa aina hii anaishi kwa panya. Chini ya pango lake nilikuwa nimeokota vidonge vya manyoya na mifupa anavyovitapika, nikavifungua pale mezani. Yalitoka mafuvu ya panya, moja baada ya jingine.

Mkunga aliyaangalia kwa muda mrefu. "Basi huyu analinda dari langu," akasema. Sauti yake ilikuwa na nguvu kuliko ya mtu yeyote pale, maana yeye ndiye anayekuwepo bundi anapolia.

Mjumbe mmoja alipendekeza njia ya tatu: tuache paa na mbuyu, paneli zisimamishwe chini, kwenye uwazi ulio nyuma karibu na mikoko. Nilikataa papo hapo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka bahari, na mikoko nchini ni hifadhi ya serikali. Zaidi ya hayo, uwazi ule haukuwa mtupu. Bahari inapojaa sana maji yanafika pale, na kaa na ndege wa ufukweni wanakula humo.

Wiki tano

Mwisho wa mashariki wa paa ulikuwa na kasoro moja: mchwa walikuwa wamekula kenchi mbili na papi kadhaa. Kubadilisha mbao hizo, pamoja na waya wa ziada, kulifika sh. 720,000. Ni chini ya gharama ya kukata mbuyu. Lakini pesa ya kukata mti ilikuwa imeidhinishwa chini ya "maandalizi ya eneo", na mbao za paa ni "ukarabati wa jengo". Mfadhili hakuweza kuhamisha pesa kutoka fungu moja kwenda jingine bila barua, na barua ilihitaji kikao.

Ilichukua wiki tano.

Katika wiki hizo umeme ulikatika usiku mara kadhaa, na wanawake walijifungua kwa mwanga wa simu kama zamani. Mkunga alinipigia mara moja. Hakunigombeza. Aliniambia tu idadi ya wazazi wa usiku ule, akakata simu. Kama tungekata mbuyu siku ya kwanza, taa zingewaka mapema kwa zaidi ya mwezi. Wanaosema uhifadhi hauna gharama hawajakaa na mkunga. Gharama ya mbuyu huu kwa wiki tano ililipwa na wakina mama wa Kigamboni, si na mimi wala mfadhili.

Bado nasema tulifanya sawa, kwa sababu kosa lililowachelewesha lilifanyika wakati wa makadirio. Vigingi vingegongwa mwanzoni, mbao zingeingia kwenye bajeti ya kwanza na zisingehitaji barua ya mtu. Tangu hapo sitoi makadirio yoyote kabla ya kupima vivuli, hata mteja akisema ana haraka.

Taa za nje

Paneli zikafungwa, friji ikabaki kati ya nyuzi 2 na 8 kama chanjo inavyotaka, kila mtu akafurahi. Madhara ya sola kwa viumbe yakaja kutoka mahali ambapo sikuwa nimepaangalia.

Makadirio yalikuwa na taa tatu za nguzo, zenye paneli na betri ndani yake. Nilizifunga zilipochorwa: moja getini, moja kwenye njia ya chumba cha kujifungulia, moja karibu na mbuyu, nyeupe kali, ikimulika shina lote. Ilikuwa mwishoni mwa Novemba, maua yameanza. Baada ya wiki mbili yule mzee alinipigia. Popo wanakuja upande wa giza tu. Bundi ameacha kutokea pangoni mapema, anasubiri.

Nilipaswa kujua. Miradi mikubwa ya dunia imeshatufundisha kwamba madhara hutokana zaidi na mahali palipochaguliwa na vitu vinavyoifuata nishati. Rajasthan na Gujarat, India, tandawala mkubwa wa huko, ndege aliyebaki kwa idadi ndogo mno, anauawa na nyaya za umeme, zikiwemo zinazotoa umeme kwenye mashamba ya sola na upepo. Mahakama ya Juu ya India iliamuru mwaka 2021 nyaya zifukiwe katika maeneo yake, kisha mwaka 2024 ikalegeza amri hiyo. Ivanpah, kule California, ambao watu huutaja kila wanapotaka kusema sola inaunguza ndege, hautumii paneli kama zetu. Ni mtambo wa vioo vinavyokusanya jua kwenye minara, na ndege waliungua walipopita katika miale hiyo. Kobe wa jangwani nao walihamishwa ili kuupisha. Hapa nchini mradi wa Kishapu, Shinyanga, umepangwa kufikia megawati 150. Huko maswali ya kuuliza ni uzio unapita wapi, nyaya zinapita wapi, na nyasi chini ya paneli zitafyekwa au zitalishwa.

Kwangu mimi swali lilikuwa taa moja. Tulikaa na mkunga, na hapa sikujaribu kugawa nusu kwa nusu. Taa ya njia ya wazazi ilibaki. Mwanamke anayeshuka kwenye bodaboda saa nane usiku akiwa na uchungu anahitaji kuona anapokanyaga. Niliishusha, nikaikunjia bati imulike chini tu. Ya getini niliiwekea kihisi, inawaka mtu akipita. Ya mbuyu niliing'oa. Mwenyekiti aliichukua ikafungwa kisimani.

Jirani zangu wanaofunga taa kwenye nyumba za wageni za fukwe za kusini mwa Kigamboni wana jambo zito kuliko langu. Huko kasa hutaga, na vifaranga wakitoka mchangani usiku huelekea kwenye mwanga, wakidhani ndiyo bahari. Taa ya sola ya bei nafuu, isiyo na bili, inaachwa ikiwaka usiku kucha mwaka mzima.

Hali ilivyo sasa

Popo bado wanachafua paneli. Wanapita juu ya paa lote, na kinyesi chao chenye mbegu hukauka kama gundi. Mwezi wa kwanza niliona uzalishaji ukishuka nikadhani ni mawingu, hadi nilipopanda. Sasa kijana wa usafi anaziosha kila wiki alfajiri, kwa maji na kitambaa laini, kabla kioo hakijapata joto. Hiyo ni kazi ya kudumu na inapaswa kulipwa. Kwa sasa analipwa kutoka mfuko wa kamati, ambao ni mdogo.

Na swali la mti linarudi. Zahanati inataka kuongeza vifaa, itahitaji paneli sita zaidi, na paa la mashariki limejaa. Nimependekeza zipandishwe juu ya banda jipya la wagonjwa kusubiri, upande wa kaskazini, ambako kivuli cha mbuyu hakifiki. Wapo wanaosema banda ni ghali, tupunguze tu matawi mawili makubwa na kutumia paa la magharibi. Matawi hayo ndiyo yanayofunika mdomo wa pango.

Kikao ni mwezi ujao. Vigingi vyangu bado vipo, mzee amevipaka chokaa ili wanaofyeka nyasi wasiving'oe.